Hotuba za viongozi wa Wamormoni: je, tunaweza kujengwa nazo?



Mama mmoja wa parokia yetu alitujia siku ya Jumanne, simu mkononi. Tunasimulia habari yake kwa ruhusa yake, tukiacha jina na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha. Alikimbia kutoka Masisi pamoja na watoto wanne. Mume wake hakufika. Tulimpokea, akaingia kwayani, kisha polepole sauti yake ikanyamaza. Usingizi ulimkimbia, chakula hakikupita kooni. Tulimwombea na kumwekea mikono. Tulimwambia ajipe moyo. Alirudi nyumbani vilevile.

Ndipo kijana wa jirani akamtumia kwa WhatsApp hotuba moja ya mzee wa Kizungu, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mzee huyo alizungumza juu ya huzuni nzito ambayo inamlaza mtu kitandani na kumfanya ajione kama chombo kilichovunjika. Alisema kwamba huo ni ugonjwa na si ukosefu wa imani, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupita pale. Mama alisikiliza hotuba ile usiku baada ya usiku, akimaliza mega zake zote. Alilia. Kisha akaanza tena kuomba.

Majuma machache baadaye wazee wa kanisa walipata kujua kwamba yule mzee ni kiongozi wa Wamormoni. Shauri likaletwa kwetu: mama asimamishwe katika chama cha akina mama mpaka atubu. Naye akatuuliza: «Baba Mchungaji, nitubu nini? Nilisaidiwa au sikusaidiwa?»

Hatukuwa na jibu siku ile. Tuliomba siku chache tufikiri, na tunaandika haya kwa sababu tunajua kwamba parokia yetu si ya pekee. Hotuba hizi zinazunguka katika simu za vijana wetu, na wengi wanaozisikiliza hawajui zinatoka wapi. Wengine wanajua lakini wanaficha.

Basi kwanza, ni hotuba gani? Kanisa ambalo watu wanaliita la Wamormoni linajiita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Tangu mwaka 2018 rais wao wa wakati ule, Russell M. Nelson, aliomba watu waache jina «Mormoni» na watumie jina kamili. Tunalitumia hapa jina fupi ili msomaji atuelewe, bila nia ya kudharau. Kanisa hilo lilianzishwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, Marekani. Smith aliuawa mwaka 1844, na mwaka 1847 Brigham Young aliwaongoza wengi wa wafuasi wake mpaka bonde la Salt Lake, ambako makao makuu yapo hadi leo. Hapa Congo wamefanya kazi tangu miaka ya 1980. Hekalu lao la Kinshasa liliwekwa wakfu Aprili 2019, na lile la Lubumbashi lilitangazwa mwaka 2020. Kwa hiyo si watu wa mbali tena.

Mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, wanafanya Mkutano Mkuu katika jumba kubwa la Salt Lake City lenye viti 21 000 hivi. Wanaohutubu ni rais na washauri wake, mitume kumi na wawili, na viongozi wengine, wanaume kwa wanawake. Wanasoma hotuba walizoziandika mapema, nyingi za dakika kumi mpaka kumi na tano, na watu wanasema Amina mwishoni tu. (Kwetu sisi dakika kumi ni salamu.) Kisha hotuba hizo zinatafsiriwa kwa lugha nyingi sana, Kiswahili kikiwemo. Kila mmoja anaweza kuzisoma na kuzisikiliza bure, ndiyo maana zinafika mpaka kambini.

Tulifanya jambo ambalo tungepaswa kulifanya kabla ya kukaa baraza. Tulisoma hotuba yenyewe. Ilitolewa na Jeffrey R. Holland, mmoja wa mitume wao, Oktoba 2013. Msingi wake ni Zaburi ya 31, pale ambapo Daudi analia kwamba amesahauliwa kama mfu na amekuwa kama chombo kilichopondeka. Holland anazungumza juu ya ugonjwa wa akili na wa hisia bila kuona haya. Anakumbuka kipindi kimoja katika maisha yake ya ndoa, wakati hofu ya fedha na uchovu vilimwangusha. Anawashauri wagonjwa waombe, wapokee baraka, lakini pia watafute wataalamu wenye elimu. Mtu akiwa na kidole tumbo, anasema, Mungu anategemea aombewe na pia aende kwa daktari mzuri. Kwa nini akili iwe tofauti?

Wapendwa, tulisoma mpaka mwisho tukitafuta kosa. Tulichokipata kwanza ni aibu yetu wenyewe. Sisi tulimwambia mama huyu ajipe moyo, na katika miaka yetu yote ya utumishi hatujawahi kuhubiri Zaburi ya 31 kwa wagonjwa wa huzuni. Tumezika wengi, tumepokea wakimbizi wengi wa vita, lakini juu ya mtu anayekaa gizani mchana kutwa tumekuwa na neno moja tu: imani yako imepungua. Kondoo mwenye kiu hamwulizi mchungaji ruhusa ya kunywa kisima cha jirani.

Tukaendelea kusoma nyingine. Aprili 2016 Mwingereza Patrick Kearon, ambaye baadaye aliitwa kuwa mtume, alizungumza juu ya wakimbizi wapatao milioni 60 duniani wakati ule. Aliwakumbusha wasikilizaji kwamba Yesu mwenyewe alikuwa mkimbizi Misri, na kwamba ukimbizi ni kipindi kizito katika maisha ya mtu lakini si jina lake. Sisi tunaoita watu «wakimbizi» katika matangazo ya kanisa, mwaka wa tatu sasa, tukiwapanga kwenye benchi zao, tulihitaji kusikia hilo. Na Dieter F. Uchtdorf, aliyezaliwa mwaka 1940 Ostrava katika familia ya Kijerumani, alikimbia na mama yake akiwa mtoto mdogo mwishoni mwa vita, kisha akakimbia tena mwaka 1952 kutoka Ujerumani ya Mashariki. Baadaye akawa rubani wa ndege za Lufthansa. Anapozungumza juu ya hofu na tumaini, mtu aliyebeba godoro kichwani usiku anamtambua.

Hapa inatupasa kuungama. Huyu Uchtdorf, Aprili 2008, alisimulia ajali ya ndege ya New Zealand ya mwaka 1979 iliyogonga mlima huko Antaktika. Watu wote 257 walikufa. Njia ya ndege ilikuwa imebadilishwa kwa digrii mbili tu, na marubani hawakuambiwa. Alitaka kuonyesha namna kosa dogo mwanzoni linavyompeleka mtu mbali na alikokusudia. Miaka iliyopita tuliupata mfano huo katika karatasi moja isiyo na jina, tukauhubiri kwa nguvu, watu wakasimama na kushangilia. Hatukujua ulitoka wapi, wala hatukuuliza. Wazee wale wale wanaotaka mama asimamishwe walitupongeza siku ile! Tulipowaambia juzi kwamba mfano ule ni wa Mmormoni, baraza lilikaa kimya kidogo.

Je, hii ina maana kwamba hakuna tofauti, na kila mtu anywe anakotaka? Hapana. Na hapa tunaomba msomaji asituache katikati.

Ugumu wa hotuba hizi ni kwamba maneno ni yale yale ya kwetu, lakini yana maana nyingine ndani. Wanaposema Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, hawakiri Utatu kama kanisa lilivyokiri tangu Nikea mwaka 325. Wanafundisha kwamba hao ni watatu walio tofauti, wenye nia moja, na kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa unaoshikika. Wanaposema Maandiko, wanahesabu Biblia pamoja na Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Wanaposema wokovu, wanaona falme tatu za utukufu, na katika ule wa juu kabisa kuna kuinuliwa kwa wale waliofanyiwa ibada za hekaluni na kufunga ndoa ya milele, mpaka kufanana na Mungu. Wanawabatiza walio hai kwa ajili ya wafu. Ubatizo wetu hawautambui: ukiingia kwao utabatizwa upya. Kanisa Katoliki nalo liliamua mwaka 2001 kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, na makanisa mengi ya Kiprotestanti yanaona vivyo hivyo. Haya si mambo ya pembeni. Mfano wa digrii mbili tulioupenda hivyo unawahusu wao pia, na katika fundisho juu ya Mungu mwenyewe tunaona kwamba njia zimeachana zaidi ya digrii mbili.

Lakini katika hotuba fupi juu ya huzuni, mambo hayo hayaonekani. Ndiyo sababu mtu anaweza kusikiliza mwaka mzima na kusema kwa moyo safi kwamba hakuona tofauti. Mara nyingine hata tofauti yenyewe inakuwa nyembamba. Aprili 2015 Uchtdorf alihubiri juu ya neema. Alifundisha kwamba wokovu haununuliwi kwa utii, maana umenunuliwa kwa damu ya Mwana wa Mungu, na kwamba tunatii kwa sababu ya upendo na shukrani. Alijaribu hata kulainisha mstari wa Kitabu cha Mormoni unaosema kwamba neema inatuokoa baada ya yote tunayoweza kufanya, akieleza kwamba «baada ya» si sawa na «kwa sababu ya». Mwanafunzi wa Luther akisoma kurasa zile atatikisa kichwa kwa furaha. Sisi tulifurahi pia. Lakini hotuba ile haijafuta hekalu, wala falme tatu, wala vile vitabu vingine. Imesimama ndani ya nyumba ile, nayo inapaswa kusomwa ndani ya nyumba ile.

Kuna jambo jingine, na kwetu ndilo zito kuliko yote: mamlaka ya wanaozungumza. Katika Mkutano Mkuu waamini wanainua mikono kuwakubali watu kumi na watano, yaani rais, washauri wake na wale kumi na wawili, kuwa manabii, waonaji na wafunuzi. Mmormoni anaposikiliza, anamsikiliza mjumbe ambaye Mungu anasema naye leo kwa ajili ya ulimwengu wote. Sisi hatuwezi kusikiliza hivyo, hata pale hotuba inapotufaa. Tunamsikiliza kama tunavyomsikiliza jirani mwenye hekima aliyepitia mateso.

Mwafrika ana sababu ya pekee ya kukumbuka hilo. Kuanzia wakati wa Brigham Young mpaka Juni 1978, wanaume weusi wenye asili ya Afrika hawakupewa ukuhani katika kanisa hilo, na watu weusi, wanaume kwa wanawake, walizuiwa baraka za juu za hekaluni. Zaidi ya miaka mia moja viongozi walioitwa manabii walilitetea katazo hilo kwa sababu mbalimbali, na mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo ya kuzikataa sababu zile. Mambo yamebadilika kweli: Mkenya Joseph W. Sitati aliitwa mwaka 2009 kuwa mmoja wa viongozi wao wakuu, na waamini wao Afrika wanaongezeka. Nasi tusijigambe, kwa sababu misheni zetu za wakati wa ukoloni zina kurasa zao za aibu. Lakini mmisionari aliyekosea tunaweza kumpima kwa Biblia na kusema alikosea. Kosa la anayeitwa nabii ni gumu zaidi kulitamka, maana linagusa msingi wa nyumba.

Turudi kwa swali la mama: alisaidiwa au hakusaidiwa? Alisaidiwa. Hatuwezi kusema uongo ili kulinda heshima yetu. Lakini swali la pili linafuata, nalo ndilo vijana wanaulizwa na wamisionari wale wawili wawili wenye mashati meupe: kama ulipata amani uliposikiliza, si ni alama kwamba kanisa letu ni la kweli? Kwao jambo hili lina uzito mkubwa. Kitabu cha Mormoni kinamwalika msomaji aombe ili ajue kwa Roho kama ni kweli, na wengi wanaitambua amani au joto la moyoni kuwa jibu. Hatudharau moyo. Wale wanafunzi wa Emau mioyo yao iliwaka pia. Ila tukisoma vizuri Luka 24, mioyo iliwaka Yesu alipowafunulia Maandiko, na macho yalifumbuka alipomega mkate. Amani aliyoipata mama huyu ilimjia kupitia zaburi ya Daudi na kupitia ruhusa ya kusema «mimi ni mgonjwa». Hayo mawili hayathibitishi kwamba aliyeyasema ni mtume, kama vile dawa nzuri haithibitishi kila neno la muuguzi.

Paulo alipokuwa Areopago, katika Matendo 17, alichukua maneno ya washairi wa Wagiriki na kuyatumia kumhubiri Mungu wa kweli, bila kuwapeleka watu Zeu. Agostino, Mwafrika wa Hippo, alifundisha kwamba ukweli ulio kwa wengine ni kama dhahabu ambayo Waisraeli walitoka nayo Misri: ni mali ya Mungu, tuichukue kwa kazi yake. Calvin naye, katika kitabu cha pili cha Institutio yake, alionya kwamba kudharau ukweli popote unapoonekana ni kumdharau Roho wa Mungu. Tulipokuwa shule ya theolojia tulipenda sana mfano wa Agostino. Leo tunaongeza kwamba dhahabu ile ile ya Misri, iliyokuwa masikioni mwa watu, ndiyo Haruni aliyoiyeyusha kufanya ndama. Iliweza pia kupamba hema ya Bwana. Tofauti ilikuwa katika mikono na kusudi.

Kwa hiyo hivi ndivyo tulivyofanya. Tulikaa na mama na wazee wawili, tukaisoma hotuba yote pamoja, Biblia wazi mezani. Kila mahali alipotaja andiko, tulilifungua. Tuliuliza: hili linatoka wapi? Linasimama peke yake katika Biblia, au linahitaji kitabu kingine ili lisimame? Linamwonyesha nani mwishoni, Kristo aliyesulubiwa au ofisi ya msemaji? Palikuwa na sehemu ambazo mama mwenyewe alisema: hapa, Baba, sitamfuata. Palikuwa na nyingine ambazo mzee mmoja alinakili katika daftari lake. Kazi ile ilichukua saa mbili na nusu, nasi tukatambua kwamba hatujawahi kuwapa waamini wetu saa mbili na nusu za kupima mahubiri, hata yetu. Waberoya walimpima Paulo, nao wakasifiwa.

Kisha tulifanya yale Holland aliyoyashauri na sisi tuliyoyasahau. Tulimsindikiza mama kwa muuguzi anayehudumia watu wenye majeraha ya moyo. Bado anakwenda. Hajapona kabisa, na kuna siku anakaa gizani. Hatukumsimamisha katika chama.

Kwa vijana tuliomba jambo moja. Mkutano Mkuu utakapofika tena, hotuba zitaingia katika simu kama kawaida. Wasizifiche. Wazilete Jumatano kwenye somo la Biblia, pamoja na jina la msemaji na la kanisa lake, tuzisome mchana. Mzee mmoja wa baraza bado hajakubaliana nasi. Anasema tunafungua mlango ambao hatutaweza kuufunga, na hofu yake hatuidharau, maana ameona familia zikigawanyika. Tumemwomba aje Jumatano naye, akae mbele, aulize maswali magumu. Amesema atakuja.

Jumapili hii mahubiri ni Zaburi ya 31. Mama ameomba asome yeye.